Tupeane uzoefu: rolakosta gani umepanda, na wahudumu na foleni vilikuwaje?

Reli_Juu:
Wakuu habari za wikendi. Uzi huu ni wa wenzangu wenye ugonjwa wa kupanda yale matreni yanayopindua watu kichwa chini miguu juu. Popote ulipo, Ujerumani, Dubai, Canada, Joburg, hata kama ni bembea ya Idi pale Unguja, karibu utoe ushuhuda.

Ila naomba tusiishie kwenye "nilimwita mama" na "nilitapika". Mimi urefu na kasi siku hizi havinibabaishi, bustani ya michezo naipima kwa wale vijana wa stesheni wanaofunga watu na kuachia treni. Mfano nilionao karibu ni Silver Star ya Europa-Park kule Rust, Ujerumani, ipo tangu 2002, mita 73 kwenda juu, kasi kama km 127 kwa saa, treni moja inabeba watu 36. Sasa piga hesabu na mimi, ukiachia treni kila baada ya sekunde 75 unapitisha zaidi ya watu 1,700 kwa saa. Wahudumu wakiwa wazito, treni ikatoka kila dakika tatu, ni watu 720 tu. Reli ni ileile, treni ni zilezile, ila foleni yako imezidi mara mbili! Halafu mtu anarudi nyumbani anasema "leo watu walijaa sana", kumbe hawakujaa, waliokuwa stesheni ndio walikuwa wanapiga stori.

Pale Rust nilisimama nikiwaangalia wanavyofanya kazi hadi aliyekuwa na mimi akakasirika. Watu wanagawanywa kwa mistari kabla treni haijaingia, mmoja upande huu mmoja ule wanapita wakisukuma kile chuma cha mapajani, dole juu, treni imeondoka. Hakuna kelele hakuna presha.

Haya leteni zenu.

Opareta_Msaafu:
Asante kwa huu uzi bro, hatimaye mtu ametuona. Mimi ni wa Nakuru, nimefanya hiyo kazi huku Gulf kwa muda, na kama mjuavyo bustani za huku zimejaa wasee wa Kenya na Uganda, ukisikia "please hands up" na lafudhi ya kwetu usishangae.

Sasa niwaambie kitu. Abiria huwa anadhani sisi ndio tunaendesha treni. Hakuna usukani hapo! Reli yote imekatwa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Kompyuta inahesabu kwa senza (vile vifaa vya kwenye reli vinavyohisi treni ikipita), kama treni ya mbele haijatoka kwenye kipande chake ya nyuma inazuiwa, upende usipende. Kazi yetu ni kuhakikisha umefungwa, njia iko wazi, halafu watu wawili wanabonyeza pamoja. Mmoja akiachia kidole treni haitoki.

Kinachochelewesha si kompyuta, ni watu. Mtu amekaa na simu mkononi, kofia, miwani ya jua, mkoba, na chupa ya maji juu yake, umwambie aweke pembeni anakuuliza kwa nini. Bro, Formula Rossa, rolakosta ya bustani ya Ferrari World kule Abu Dhabi, inakimbia km 240 kwa saa, unavalishwa miwani maalum ya kukinga macho kwa sababu hata mdudu mdogo kwa hiyo spidi anaweza kukuumiza, sasa fikiria simu ikimponyoka mtu wa mbele ikupate usoni. Halafu kuna wale wa kuvuta tumbo ndani ili chuma kisishuke vizuri, hao nilikuwa nawasubiri wapumue kwanza ndio nasukuma, haha.

Na ile ya watoto! Mzazi anamvalisha mtoto viatu vya soli nene afike sentimita 140, mimi nikimkataza natukanwa mbele ya watu wote. Wazazi jamani, ule urefu haukuwekwa kumnyima mtoto raha. Chuma kimetengenezwa kwa paja la ukubwa fulani, mtoto mdogo anaweza kuteleza akatoka chini yake.

Dada_wa_Scarborough:
Hahaha Opareta nimekumbuka yangu. Canada's Wonderland, hapa kaskazini ya Toronto, kuna dude linaitwa Leviathan, la 2012, mita 93, linashuka kwa karibu km 150 kwa saa. Nilikwenda na binamu yangu kageni kutoka Mombasa, amependeza na wigi lake jipya la bei mbaya, muhudumu akamwambia kwa adabu kabisa, dada hilo likitoka hatukurudishii. Akajibu limeshonwa. Wallahi halikuwa limeshonwa. Tulipofika chini alikuwa amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, alilidaka kwenye ule mteremko wa kwanza na hakuliachia mpaka stesheni, picha ya kwenye mteremko tumeinunua na iko sebuleni kwa mama yake.

Mie ninachochukia ni ile tiketi ya ziada ya kuruka foleni, nimeikuta bustani kibao. Umesimama juani na watoto saa nzima halafu kundi linapita pembeni linacheka, na kila wakipita hao wewe unarudi nyuma. Reli_Juu hesabu zako za watu 1,700 mbona hukuweka hao?

Reli_Juu:
Dada umenishika pabaya. Kweli kabisa, viti havijaongezeka hapo, kiti cha mwenye hela kimetolewa kwenye foleni yako. Mimi naona wangeuza kwa kiasi, na wasiuze kabisa siku ambayo treni moja iko gereji. Afadhali ule mlango wa anayepanda peke yake, unaziba kiti kilichobaki kitupu na hakuna anayeonewa.

Mzee_wa_Joburg:
Huku kwetu nendeni Gold Reef City, imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Anaconda miguu inaning'inia, reli iko juu ya kichwa chako, inabamiza mabega kidogo ila tamu. Sasa kuna Tower of Terror, hilo ni kigari tu, linakupandisha, linakusimamisha ukingoni unatazama chini, halafu linakuachia wima hadi ndani ya shimo la mgodi. Fupi mno, likiisha unajiuliza ndio hiyo tu? Lakini ukingoni pale, mimi niliyezoea kujifanya mwanaume, niliahidi kuacha vitu vingi.

Kijana_wa_Leicester:
Wakuu mimi yangu si ya kuchekesha. Bustani fulani hapa Uingereza (siitaji jina), treni ikasimama katikati ya ule mlima wa kupandia. Kimya. Hakuna tangazo, tumelala chali tunaangalia mawingu, mtu wa nyuma yangu anasali. Baadaye ndio wakaja mafundi, wakatufungua mstari mmoja mmoja tukashuka kwa ngazi za pembeni. Kilichoniudhi si kusimama, ni ule ukimya. Toka siku hiyo sijapanda tena. Je, nilikuwa hatarini?

Opareta_Msaafu:
@Kijana pole. Hapana, hapo ulikuwa salama kuliko unavyodhani. Ile tak-tak-tak unayosikia wakati wa kupanda ni vyuma vinavyoshika meno ya reli ili treni isirudi nyuma. Na ilisimama kwa sababu kompyuta iliona mbele hapajaeleweka, ndivyo inavyotakiwa. Hatari inaanza mtu akiipuuza. Wewe uko hapo Uingereza, bila shaka ulisikia ya The Smiler ya Alton Towers, Juni 2015. Treni tupu ya majaribio ilikuwa imekwama mbele, kompyuta ikaizuia yenye watu, mafundi wakadhani imekosea wakaiachia kwa mkono. Wasichana wawili walikatwa mguu, na kampuni ikapigwa faini ya pauni milioni 5 mwaka 2016. Kwa hiyo mimi nikiona treni imesimama nashukuru. Ila kukaa kimya bila kutangaza, hapo walikosea, tangazo ni kazi ya dakika moja.

Mpemba_Halisi:
Nyie mnaongea mambo ya kompyuta, sie Idi pale viwanja vya kufurahishia watoto Kariakoo, Unguja, senza ni mwenye bembea mwenyewe. Watoto wamevaa nguo mpya, mikono imejaa ubuyu na aiskrimu, wanagombania kupanda, na yeye anajua kwa jicho nani kaogopa, anapunguza. Sitanii, kuna mzee mmoja anakagua kila mnyororo kwa mkono wake kabla hajaanza, watoto wapige kelele wasipige. Huyo mpelekeni Europa-Park.

Reli_Juu:
Huyo mzee ndiye ninayemzungumzia tangu mwanzo!

Dada_wa_Scarborough:
Swali la mwisho kabla sijalala, nikae mbele au nyuma?

Reli_Juu:
Kama unataka kuona unakokwenda, mbele. Kama unataka kunyanyuka kwenye kiti, nyuma kabisa, maana treni ni ndefu, mbele ikishaanza kuteremka inaivuta ya nyuma ikiwa bado iko juu, unapita kileleni kwa kasi matako yako hewani. Foleni ya mbele huwa ni ndefu zaidi, ya nyuma unapita haraka. Kwa upande wa wigi, kilemba kilichofungwa vizuri ndani ya kofia ya koti, na binamu aachwe chini ashike mizigo.

Dada_wa_Scarborough:
Binamu kasoma hapa, anasema nyuma, na safari hii kasuka.