Fainda ya lenzi, nukta nyekundu au Telrad kwa darubini ya mm 200? Naomba ushauri

mtazamaji200
Wakuu, salaam. Nina darubini ya kioo ya mm 200, urefu wa fokasi mm 1200, kwenye kitako cha Dobsonian cha kusukuma kwa mkono. Ilikuja na fainda (kidarubini kidogo cha kulengea) ya lenzi 9x50, yaani ukuzaji mara 9 na lenzi ya mm 50, ile ya kuchungulia moja kwa moja kwa nyuma. Lenzi za jicho ninazo mbili, mm 25 na mm 10.

Mwezi naupata, Mshtarii naupata kwa kubahatisha, M4, kile kishada cha nyota pale kwenye kundinyota la Nge, siipati kabisa. Nikiweka nyota kwenye msalaba wa fainda kisha nikahamia lenzi ya jicho, haimo. Picha ya fainda nayo iko kichwa chini, na kitu kikiwa utosini inabidi kupiga magoti na kupinda shingo. Ninunue ya nukta nyekundu, ile isiyokuza bali inaonyesha nukta ya mwanga ya kulengea? Telrad, ile ya duara za mwanga? Au ya lenzi iliyopinda digrii 90? Taa ni nyingi nilipo, nyota za kuonekana kwa macho ni chache.

fundi_lenzi
Usinunue chochote bado. Nyota kuwa kwenye msalaba huku kwenye lenzi ya jicho haimo maana yake fainda na darubini hazitazami mahali pamoja. Ukiweka fainda nyingine bila kuzilinganisha, utarudi hapahapa.

Piga hesabu uone unacholenga ni kidogo kiasi gani. 1200 ukigawa kwa 25 unapata ukuzaji wa mara 48, na kwa lenzi ya kawaida unaona kipande cha anga cha digrii 1 hivi, yaani Mwezi mpevu miwili ikiwekwa ubavu kwa ubavu. Ukiweka mm 10 ni mara 120, na kipande kinabaki digrii 0.4. Fainda yako inaonyesha digrii 5 au zaidi. Kwa hiyo msalaba ukikosea nusu digrii tu, kwenye fainda huoni tofauti, lakini kwenye darubini kitu kimeshatoka nje.

Fanya hivi mchana. Chagua kitu chenye ncha kilicho mbali, kama kilele cha mnara au nguzo, upande ambao Jua halipo wala halitafika ukiwa kazini. Weka lenzi ya mm 25, kilete katikati. Kisha kaza skrubu ya kitako kama ipo, darubini isisogee. Sasa ndipo uguse fainda: zungusha skrubu zake mpaka msalaba ukae kwenye kitu kilekile. Badilisha uweke mm 10, rudia. Usiku malizia kwa nyota.

Umbali wa hicho kitu una maana. Fainda imekaa sentimita 15 hivi kutoka mhimili wa darubini. Ukilinganishia kitu cha mita 20, utapata kosa la digrii 0.4 ukigeukia nyota, na kwenye lenzi ya mm 10 hilo linatosha kupoteza kila kitu. Kwa mita 500 kosa halihisiki.

Nge_mwekundu
Naongezea kwenye skrubu, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kishikio chenye skrubu mbili na pini ya springi ni rahisi, springi inarudisha yenyewe. Chenye skrubu tatu, legeza moja kwanza ndipo ukaze iliyo mkabala nayo. Ukikaza bila kulegeza unakwaruza bomba la fainda, na halisogei.

Angalia pia ule mpira wa duara mbele ya fainda. Unatakiwa uingie ndani ya pete ya kishikio. Ukiwa umechomoka, fainda inacheza kila ukiigusa na kazi yote ya kulinganisha inapotea. Na kama nyota kwenye fainda ni vibonge badala ya nukta, legeza pete ya kufungia nyuma ya lenzi ya mbele, zungusha kichwa cha lenzi taratibu mpaka nyota ikae kali, kisha rudisha pete. Fainda nyingi za 9x50 zinarekebishwa kwa mbele, si kwa jicho.

duara_tatu
Mimi nasema lenzi ni usumbufu. Toa hiyo 9x50, weka Telrad. Haikuzi kitu, unatazama kwa macho mawili wazi na duara tatu nyekundu zinaelea angani: digrii 0.5, 2 na 4. Ramani ya nyota inakuambia kitu kiko wapi kati ya nyota gani, unaweka duara hapo, basi. Haigeuzi picha, haichanganyi kulia na kushoto.

fundi_lenzi
Mkuu duara_tatu, kwenye anga jeusi sina ubishi na wewe. Lakini soma alichoandika: nyota za kuonekana kwa macho ni chache. Nukta na duara vinategemea nyota unazoziona mwenyewe. Kama kati ya nyota mbili kuna tupu, duara utaliweka wapi? Lenzi ya mm 50 inakusanya mwanga mara 50 hivi ya mboni ya jicho iliyopanuka hadi mm 7, kwa hiyo pale macho yanapoona giza tupu, fainda inakupa nyota za kurukia moja hadi nyingine. Ushauri wangu ni avae vyote viwili: nukta nyekundu ya kufika karibu na kitu, lenzi ya kumalizia. Akilazimika kubaki na kimoja chini ya taa za mtaani, abaki na lenzi.

Telrad yenyewe pia ni boksi kubwa, na kioo chake kilicholala kinashika umande mapema. Kifunike unapokuwa hukitumii. Umande ukishashika usiufute kwa kidole. Upepee au upashe joto kidogo.

duara_tatu
Kwa anga la taa nakubali. Ila atakayenunua ya nukta apunguze mwanga wake hadi uwe hafifu kabisa. Nukta kali inameza nyota yenyewe unayoilenga. Na azime akimaliza, betri bapa za saa zinaisha kimyakimya.

mtazamaji200
Nimeelewa kuhusu kulinganisha. Sasa kichwa chini na shingo? Ile iliyopinda inasaidia?

Kilimia_7
Inasaidia shingo sana, ila kuwa makini zipo aina mbili. Yenye kioo cha kawaida cha kupinda inasimamisha picha lakini inageuza kulia kuwa kushoto, na picha ya namna hiyo huwezi kuilinganisha na ramani hata uizungushe vipi. Unayotaka ni yenye prizimu ya Amici, picha inasimama na pande zake ziko sawa. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, elekeza mchana kwenye maandishi ya mbali: ukiyasoma kama kawaida, ndiyo yenyewe.

Hiyo uliyonayo haina ubaya unaoudhani. Imegeuza picha nusu mzunguko tu. Geuza ramani kichwa chini, inaoana. Darubini yako ya kioo nayo inazungusha picha bila kubadili kulia na kushoto. Hasara ya iliyopinda ni kwamba hutazami tena kuelekea kitu, unatazama pembeni, kwa hiyo kupata nyota ya kwanza kunakuwa kugumu. Ndiyo maana wanaoitumia wengi huweka na nukta nyekundu kando yake.

Kuhusu M4, iko digrii 1.3 magharibi ya Antares, ile nyota nyekundu angavu ya Nge, karibu kwenye mstari uleule wa mwendo wa nyota. Weka Antares katikati ya lenzi ya mm 25, achia mkono, tazama inaelekea upande gani. Upande inaokwenda ndio magharibi, na M4 iko hukohuko mbele yake. Fuata upande huo mpaka Antares itoke kwenye ukingo wa nyuma, endelea karibu upana mmoja wa picha. Tafuta ukungu wa duara, usitafute nyota. Usianze na mm 10.

mtazamaji200
Na nikiongeza fainda ya pili, mbele si itakuwa nzito? Hata sasa ikielekea chini inateleza yenyewe.

Nge_mwekundu
Itakuwa nzito, ndiyo. Kama kitako kina vifundo vya kukaza pembeni, kaza kidogo, ila usikaze hadi mwendo uwe wa kukwama. Dawa yenyewe ni uzito nyuma: sumaku bapa kwenye bomba la chuma karibu na kioo kikuu, ukiongeza moja moja mpaka darubini ibaki ilipoachwa, ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Jaribu na lenzi ya jicho ikiwa ndani yake, nayo ni uzito.

fundi_lenzi
Na fainda ya lenzi ivae vifuniko vyake vyote mchana, au ing'olewe kabisa, hata kama darubini kubwa imefunikwa. Jua likiingia humo linapofua jicho la mtoto anayechungulia, na linaweza kuunguza nyaya za msalaba.