LSAT: kujisomea, kozi ya mtandaoni au mwalimu binafsi?

Mtarajiwa: Wakuu, nataka kufanya LSAT niombe vyuo vya sheria Marekani. Nijisomee, nilipie kozi ya mtandaoni, au nitafute mwalimu binafsi? Kozi wanataka malipo wiki hii.

Hoja Nzito: Mtihani ni lini? Jaribio la kwanza ulipata ngapi kati ya 120 na 180? Bila hayo tunapiga ramli.

Bi Kifungu: Jisomee. LSAC, wenye mtihani huu, wana majaribio ya bure kwenye LawHub, tovuti yao ya mazoezi. Tega saa, dakika 35 kila sehemu, kisha rudia kila swali ulilokosa na uandike kwa nini jibu lako halikusimama. Alama hupandia hapo. Na usiache swali wazi, jibu la kubahatisha halikatwi alama.

Msomi wa Usiku: Kabla hujalipa, uliza masomo yao yamehuishwa lini. Kuna kozi niliilipia mwaka jana, nusu ya video ni mafumbo ya mantiki, yale ya kupanga nani akae kiti kipi. Sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024! Nikawaandikia, wakajibu eti mafumbo yananoa akili. Nikadai pesa zangu, wakanitumia ukurasa wa masharti. Siku hizi zinahesabiwa sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu. Ya nne haihesabiwi, lakini huambiwi ni ipi.

Hoja Nzito: Mafumbo wangeyaacha. Ndiyo sehemu mtu aliweza kupanda haraka kwa mazoezi.

Bi Kifungu: Kwa anayeona, sawa. Watahiniwa wasioona walishtaki kwa sababu yalitaka michoro, na makubaliano ya 2019 ndiyo yaliyoleta mabadiliko. Ilikuwa haki yao.

Hoja Nzito: Haki yao sikatai. Nasema njia nyingine ingepatikana.

Mtarajiwa: Jaribio bado sijafanya. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, ufahamu ndio unanitisha.

Bi Kifungu: Hilo ndilo ungeanza nalo! Basi mwalimu binafsi, saa chache tu, kwa ufahamu pekee.

Msomi wa Usiku: Fanya jaribio kwanza. Huenda tatizo ni hoja, si ufahamu.

Mshale: Kwani lazima LSAT? Vyuo vingi vinapokea GRE, ule mtihani wa jumla wa kuombea shahada za juu.

Hoja Nzito: Vingi si vyote. Mtarajiwa, unaomba vyuo gani?

Mshale: Na GRE ina hesabu. Hesabu zako zikoje?