Georgetown: ni nini kilichoiangusha timu iliyotawala mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani?

MpenziWaKikapu (swali):
Ndugu zangu, nilianza kuifuatilia timu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, kwa sababu ya marehemu Dikembe Mutombo, kijana wa Kinshasa aliyefika huko 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari, na hatimaye akawa mmoja wa wazuiaji wa mitupo hodari kuliko wote. Kati ya 1982 na 1985 timu hiyo ilifika fainali ya taifa mara tatu, na 1984 ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Houston 84 kwa 75. Leo nikitazama msimu wa 2021–22 naona ushindi 6 dhidi ya vipigo 25, na katika ligi yake ya Big East ilipoteza michezo yote 19. Kwa kweli inaniuma. Naomba wanaoijua historia hii wanieleze anguko hilo lilitokana na nini hasa.

PivotiMstaafu:
Ndugu, tuanzie kwa aliyeijenga nyumba. John Thompson aliipokea timu hiyo 1972, ikiwa imetoka kwenye msimu wa kushinda mara 3 na kupoteza mara 23. Akaifundisha ulinzi wa kumbana mpinzani uwanja mzima, akampata Patrick Ewing, mchezaji wa kati, 1981, na miaka mitatu baadaye akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya daraja la kwanza. Ofisini mwake aliweka mpira uliotolewa upepo, ili wachezaji wake wafikirie maisha yatakayofuata baada ya mchezo. Alipojiuzulu Januari 1999, chuo kilitafuta warithi ndani ya ukoo ule ule: kwanza msaidizi wake Craig Esherick, kisha mwanawe John Thompson III, ambaye kwa haki aliifikisha nusu fainali ya taifa 2007, na hatimaye, 2017, Ewing mwenyewe, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Ewing aliondolewa 2023 akiwa ameshinda michezo 75 na kupoteza 109. Nampenda sana Ewing, lakini mapenzi hayo ndiyo yaliyokifanya chuo kichelewe kuuona ukweli.

BintiWaUwanjani:
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu urithi, ila naona umeiacha ligi. Big East ilianzishwa 1979, na uhasama wa Georgetown na Syracuse ndio uliojaza viwanja na kuwavutia vijana wenye vipaji. Mwaka 2013 fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani ziliivunja ligi hiyo: Syracuse na Pittsburgh zikahamia ACC, ligi nyingine ya vyuo yenye fedha zaidi za mchezo huo, na Georgetown ikabaki na vyuo vingine vya Kikatoliki ambavyo havina timu kubwa za mchezo huo. Mapambano yaliyokuwa yakitikisa mji yakatoweka kwenye ratiba.

MlinziWaPembeni:
Dada, hoja yako ingenishawishi kama isingekuwa timu ya chuo cha Villanova, ambayo ilibaki kwenye ligi hiyo hiyo iliyopunguzwa na bado ikatwaa ubingwa wa taifa 2016 na 2018. Tena nyufa zilionekana kabla ya mgawanyiko: Machi 2013, kwenye mashindano ya taifa, ikiwa imepangwa namba 2 kwa ubora kati ya timu 16 za kanda yake, Georgetown ilifungwa 78 kwa 68 na Florida Gulf Coast, timu ya namba 15. Katika misimu kumi iliyofuata ile ya 2014–15 iliingia kwenye mashindano ya taifa mara moja tu, 2021, baada ya kulitwaa kombe la Big East bila kutarajiwa.

Nami naongeza jambo moja. Mutombo alipowasili, msimu wa kwanza hakucheza kabisa. Alikuwa akijifunza Kiingereza, na Thompson alikuwa na muda wa kumsubiri akomae. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, mchezaji akaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Qudus Wahab, mchezaji wa kati wa kikosi kilichotwaa lile kombe, akahamia Maryland mwaka huo huo, na msimu uliofuata ndio ule wa vipigo 19 uliokuumiza, ndugu muulizaji. Villanova na Connecticut, timu nyingine ya Big East, zilikuwa na misingi ya kuzipokea nyakati hizo. Georgetown ilikuwa bado inasubiri kijana akomae polepole mikononi mwake, kama alivyokomaa Mutombo.