Binti anaingia Makerere mwezi wa nane: nimfungie nini, niache nini?

MamaSimsim
Ndugu zangu, salamu kutoka Arua. Binti yangu wa kwanza amepata nafasi Makerere kusomea takwimu, anaripoti mwezi wa nane. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika chuo kikuu kabla yake. Mimi niliishia S4, kidato cha nne, na baba yake alikuwa askari, Mungu amrehemu. Kwa hiyo kila anayeingia dukani kwangu kununua sukari ananiachia orodha yake. Godoro, neti, jerikeni mbili, beseni, ndoo yenye mfuniko, pasi, pakoleta ya umeme ya kuchemshia maji, sahani, flaski. Jirani amesisitiza sigiri ndogo, jiko la makaa. Mama yangu mzazi ameleta unga wa muhogo, odii (simsim na karanga za kusaga) kopo mbili na angara, samaki mkavu, fungu zima. Jana nilivipanga sebuleni nione vitaingiaje ndani ya basi, tukakosa njia ya kwenda jikoni.

Ndani ya chuo hakupata kitanda, tumeshika hosteli Kikoni, jirani na chuo, chumba cha wasichana wawili. Sijakiona kwa macho. Nilitumiwa picha kwa WhatsApp: kitanda, dirisha, pazia la zambarau. Pesa ya kushikilia nafasi nimeshalipa.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Godoro ninunue huku au Kampala? Kupika atapikaje? Na la tatu ndilo limeleta ugomvi nyumbani: sanduku. Lipo lile la bati alilokaa nalo bweni miaka sita, lina jina lake kwa rangi nyeupe na namba 214. Halina kutu, na kufuli bado linafunga. Yeye anasema hawezi kuingia chuo kikuu na sanduku la bati, watu watadhani anaenda S1. Anataka begi la magurudumu. Sanduku nililinunua kwa pesa ya simsim ya msimu mzima, roho yangu inakataa kuliacha lifugiwe kuku.

KijanaWaKikoni
Hongera sana mama, na hongera kwake. Mimi niko mwaka wa tatu, naishi hapahapa Kikoni.

Nianze na sigiri: iondoe kwenye mzigo leo. Si kwa sababu meneja ataikataa, ingawa ataikataa. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu, mtu analala na haamki. Mvua ikinyesha jioni, mwanafunzi anaingiza sigiri ndani "dakika tano tu". Usimpe hiyo nafasi.

Chakula cha Kikoni na Wandegeya si shida. Kuna rolex, yaani chapati na mayai, kuna kikomando, chapati na maharage, kuna akina mama wa posho na maharage ambao baada ya wiki mbili watamjua kwa jina na kumkopesha. Vyombo vyake viwe sahani moja, kikombe kimoja, kijiko, kisu, flaski. Ukimpa sahani sita atapata wageni sita, na za kuosha zitakuwa zake.

Ndoo na beseni vinauzwa Wandegeya karibu na kitanda chake. Kwa nini visafiri na basi kutoka Arua?

Shangazi_Jinja
Dada, kwa godoro nisikilize mimi niliyeumia. Mwaka juzi nilimpeleka mpwa wangu chuo, nikajifanya shangazi mwenye uwezo, nikanunua godoro la futi 4 kwa 6, nene la inchi 8. Kufika hosteli, kitanda ni cha chuma, futi mbili na nusu! Godoro likakaa limejikunja ukutani kama mgonjwa. Muhula mzima mtoto amelala kwenye mteremko. Kulirudisha dukani haikuwezekana, nailoni ilikuwa imeshachanwa.

Kwa hiyo usinunue godoro kabla ya kupima kitanda. Na kama ni cha ghorofa na yeye analala juu, angalia unene pia. Godoro nene linafika juu ya kile chuma cha kumzuia asianguke.

MamaSimsim
Shangazi, nimecheka mpaka mteja ameniuliza nina nini. Ila sasa mmenitia wasiwasi. Kwenye picha kitanda kinaonekana kipana. Nitapimaje nikiwa Arua?

KijanaWaKikoni
Mama, kwenye picha za hosteli hata kabati la viatu linaonekana pana. Mpigie anayetunza hosteli, mwambie apige video akiwa ameshika futi ya fundi cherehani kwenye kitanda. Akikataa, hiyo nayo ni habari. Mwulize pia: soketi ngapi chumbani, kabati lina kufuli au ni shimo tu ukutani, maji yakikatika wana tangi, na Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba au imejumlishwa kwenye kodi.

AfandeMstaafu
Mama Simsim, pole kwa afande wetu. Nimekaa kambini miaka 26, Mubende hadi Gulu, na maisha yangu yote yaliingia kwenye sanduku moja la bati. Begi la magurudumu linafunguliwa kwa kalamu. Mtu anachoma zipu, inaachana, anachukua anachotaka, anairudisha zipu mahali pake, na wewe hujui mpaka jioni. Bati anayelivunja atasikika korido nzima.

Mtoto ataona haya wiki moja. Mwache aone haya.

Nyota256
Jamani huyu ni mtu mzima wa miaka 19. Mpe pesa ajinunulie, mama ubaki dukani.

AfandeMstaafu
@Nyota256 wewe ulipelekwa na nani?

Nyota256
Na mama 😂 Alilia geti zima likaniangalia. Sawa, naondoa maneno yangu.

FundiStima
Watu wameipita pakoleta haraka na ndiyo inanipa kazi kila Septemba. Wanafunzi hawachemshi maji tu humo. Wanachemsha mayai, macaroni, wengine wali kabisa. Sasa piga hesabu. Pakoleta ya kawaida ni wati 1,500 hivi, pasi wati 1,000. Chumba kina soketi moja, basi wanachomeka ekstensheni, halafu hizo mbili zinapanda juu yake pamoja na laptopu na simu. Wati 2,500 kwa volti 240 ni zaidi ya ampea 10. Ekstensheni za bei rahisi za pembeni mwa barabara zina waya mwembamba kama nywele ndani ya plastiki nene. Unashika kwa mkono unaona inakuwa ya moto, na kama imelala chini ya godoro huioni.

Kama hosteli inaruhusu pakoleta, mnunulie ekstensheni nzito ya duka la vifaa vya umeme. Ipime kwa uzito mkononi: shaba ina uzito. Na awe na desturi ya kutumia kimoja kwa wakati mmoja. Pasi kwanza, ikichomolewa, ndiyo pakoleta.

Kama Yaka ni ya chumba, wakubaliane mapema na mwenzake. Pakoleta ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 ni nusu yuniti. Ndiyo hapo urafiki unapoanzia kuvunjika, kila mmoja anahesabu chai ya mwenzake.

NesiMbarara
Neti ya pembe nne, si ya duara, kwa sababu ya duara inataka msumari darini na meneja hapendi misumari. Ya pembe nne unaifunga kwa kamba kwenye vyuma vya kitanda. Apewe na kamba zake, mita nne tano, watu husahau. Kikoni iko bondeni, mbu wapo. Akipata homa aende kupimwa, asinunue vidonge vya malaria kwa kukisia. Ukiweka pedi, weka za miezi miwili. Zaidi ya hapo atajinunulia.

MkenyaAliyesomeaKampala
Mama, mimi ni wa Kisumu, tulikuja kusoma Kampala wengi sana. Niseme kuhusu ile angara, na niseme kwa heshima kwa sababu samaki naipenda.

Mwenzangu wa chumba alitoka upande wenu. Aliweka samaki mkavu ndani ya begi chini ya kitanda. Wiki ya kwanza tulidhani ni bomba. Wiki ya pili paka wa jengo zima alihamia mlangoni petu, ukifungua anaingia kama mwenye nyumba. Mashati yangu yalinukia mpaka darasani. Siku alipoipika na odii kwa dada yake Bwaise, tukaalikwa, nikaomba samahani kwa yote niliyowahi kusema.

Kwa hiyo odii ndiyo. Inakaa wiki kadhaa bila friji, anaipaka kwenye mkate au chapati, na usiku wa mtihani inamwokoa. Unga wa muhogo na angara mpelekee ndugu mwenye jiko Kampala, binti aende huko Jumapili.

Halafu pesa. Mama yangu alinitumia ya muhula wote mara moja. Muhula una wiki 17. Yangu iliisha wiki ya sita, na sikununua kitu cha maana hata kimoja. Mtumie kwa simu kila wiki au wiki mbili, kidogokidogo.

MamaSimsim
Mkenya, nimemsomea mama yangu habari ya paka. Amekasirika, kisha amecheka, kisha ameuliza huyo dada wa Bwaise ni wa ukoo gani. Angara inabaki kwa shemeji yangu Kawempe.

MwalimuKoboko
Mnaongea godoro, nani ameuliza makaratasi? Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alifika Kampala na magunia mawili ya vitu, bahasha ya vyeti imebaki juu ya kabati Koboko. Ilifuata na basi la usiku, kaka yake hakulala.

Barua ya kukubaliwa, matokeo ya S4 na S6 asilia, kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti zaidi ya unavyodhani zinatosha. Toa nakala za kila kitu hapohapo Arua, kwa sababu wiki ya kwanza kule foleni ya fotokopi ina urefu wake. Makaratasi hayo hayaingii kwenye buti la basi. Yanakaa ndani ya begi la mgongoni, na begi linakaa mapajani mpaka Arua Park, mnaposhukia Kampala, hata akisinzia Karuma. Cheti cha UNEB, baraza la mitihani, kikipotea, kuzunguka ofisi kutafuta uthibitisho ni kazi ya kukuzeesha.

Karo isipite mkononi mwa mtu yeyote anayesema "nitakusaidia kulipa haraka." Anatoa namba yake ya malipo, PRN, kwenye mfumo wa chuo, analipa benki au kwa simu, risiti anaitunza.

Shangazi_Jinja
Mwalimu amesema. Na dada, ukiweza, nenda naye siku mbili kabla ya wengine. Fikeni na nguo, shuka na makaratasi tu. Angalieni chumba, kisha mshuke mjini mkanunue kinachokosekana. Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, si mbali na mnaposhukia basi, na mapazia ya soko la Owino utayapata kwa bei ya kuongea.

MamaSimsim
Ndugu zangu, nimerudi jana alfajiri, nadaiwa taarifa.

Tulienda na begi moja la mgongoni, mfuko wa mashuka, na kopo mbili za odii. Begi la magurudumu sikununua. Nilimwambia tutaona kwanza.

Pazia la zambarau lipo kweli. Chumba ndicho, ila picha ilipigwa na mtu aliyesimama koridoni. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unagusa kitanda chako na cha mwenzio. Kitanda nilikipima kwa futi ya cherehani: mbili na nusu, Shangazi! Godoro la inchi 6 tulilipata Wandegeya, kijana akalibeba kichwani mpaka ghorofa ya tatu. Soketi moja, kama Fundi alivyosema. Pakoleta hawaruhusu, maji ya moto yanauzwa chini kwa flaski. Neti tumeifunga kwa kamba.

Mwenzake ni msichana wa Mbale, alifika siku moja kabla yetu. Na chini ya kitanda chake kulikuwa na nini? Sanduku la bati, la bluu, na kufuli mbili. Kabati la chumba halina mlango, ni mbao tatu ukutani. Binti yangu aliliangalia lile sanduku, akaangalia laptopu yake mkononi, akaenda dirishani, akakaa kimya. Mimi nilikuwa natandika shuka, sikusema neno. Nilijivunia ulimi wangu siku hiyo.

Jioni nikiwa tayari kwenye basi, simu ikalia. "Mama, lile sanduku unaweza kulituma? Lakini futa jina. Na hiyo 214."

Sasa niko nalo hapa barazani. Nimepaka rangi ya kijani mara mbili, na nyeupe bado inaonekana chini yake, ukilielekeza juani unasoma jina lote. Basi linaondoka kesho saa mbili usiku. Kuna anayejua rangi?

FundiStima
Mama, ulipaka juu ya rangi ya zamani. Ngoja hiyo ikauke, kisha piga msasa mpaka uone bati, hasa kwenye herufi, ndiyo upake tena. Kwa jua la Arua itakauka kabla ya basi. Nunua msasa wa kati, usinunue ule laini.

AfandeMstaafu
Na kufuli la pili.