Mwembe umeoza na umeinamia chumba cha watoto, uani hakuna pa kuangushia

Mjukuu wa Ngamiani:
Ndugu zangu, naomba ushauri wa haraka. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na mnajua huku zilivyobanana. Uani kuna mwembe alioupanda marehemu babu, nakadiria una mita 12, na unene wa chini ni kama nusu mita. Kaskazini kuna vyumba wanakolala watoto, mashariki ukuta wa jirani, kusini choo na tenki la maji. Waya wa umeme unaoingia ndani unapita katikati ya matawi. Njia ya kutokea ni ukumbi wa nyumba tu.

Tangu vuli ianze, mti umezidi kuinamia vyumba. Shinani umeota uyoga mgumu, na nikigonga kwa nyundo upande mmoja unalia kama ngoma. Kusini, nyuma ya mwinamo, udongo umepasuka. Kijana wa mtaani anasema tuufunge kamba, watu sita wavute kuelekea chooni, yeye akate chini kwa chensoo. Mama amekataa katakata. Tufanyeje?

Bi Mwanasha:
Mwanangu, watoto wahame chumba hicho leo hii, mengine yafuate. Udongo kupasuka nyuma ya mwinamo maana yake mizizi inaachia. Mama yako yuko sahihi.

Dereva wa Fuso:
Kamba ya watu sita ndiyo tatizo. Tafuteni gari lenye winchi, likae barabarani, livute kinyume na mwinamo. Dakika kumi mmemaliza.

Mkwezi wa Pangani:
Kaka, hapana. Kazi yangu ni kukata miti, na hiyo njia inaua. Mti wa mita 12 unataka zaidi ya mita 12 za uwazi mbele yake. Kuna uani gani Ngamiani wenye nafasi hiyo? Tena ukiangusha mti unaacha ukanda wa mbao usiokatwa kati ya mkato wa mbele na wa nyuma, ndio unaouongoza kama bawaba ya mlango. Shina likiwa limeoza ukanda huo haushiki. Winchi itavuta, mti utageuka utakako wenyewe, na shina lililoinama linaweza kupasuka wima likampiga mkataji kifuani.

Mti huo ushushwe kipande kwa kipande kuanzia juu. Ila kwanza mjukuu nijibu: uyoga uko shinani tu au na juu? Na kusini, ng'ambo ya choo, kuna kitu imara cha kufungia kamba?

Mjukuu wa Ngamiani:
Uko chini tu, juu majani bado mabichi. Ng'ambo ya choo jirani ana mwarobaini mkubwa, mzima kabisa.

Mkwezi wa Pangani:
Afadhali. Mwombeni huyo jirani. Mwembe ushikiliwe kwa kamba mbili nene, zifungwe juu ya nusu ya shina na kukazwa kwenye mwarobaini, chini karibu na ardhi. Hizo hazifunguliwi mpaka shina libaki fupi.

Mtu asiupande mwembe wenyewe. Jengeni jukwaa la mirunda linalosimama kwa miguu yake, lisiegemee mti. Mkataji avae kofia ngumu na mkanda uliofungwa kwenye jukwaa, na chensoo aishike kwa mikono miwili. Tawi aanze kulikata kidogo kwa chini, kisha amalizie kwa juu, lisichane gome na kumrukia.

Vipande viwe vidogo, maana mwembe mbichi ni mzito: gogo nene nusu mita na refu mita moja linapita kilo 150. Kila kipande kifungwe kamba kabla hakijakatwa. Kapi la kushushia lisifungwe kwenye mwembe, kwa sababu kipande kikianguka kidogo tu kabla ya kamba kukaza, uzito unaolivuta shina unaongezeka mara kadhaa. Lifungeni kwenye mwarobaini, na anayeshusha azungushe kamba mara mbili tatu kwenye shina lake ili isimponyoke. Magogo mkate mafupi yapite ukumbini.

Na utomvu wa mwembe unawasha. Vaeni mikono mirefu.

Fundi Umeme Muheza:
Kabla ya yote hayo, nendeni TANESCO waje wazime na kuutoa waya. Kuzima swichi kuu ya ndani hakusaidii, waya unaotoka nguzoni unabaki na umeme. Kamba iliyolowa na tawi bichi vyote vinapitisha. Nguzo yao msiifungie kamba hata kidogo.

Dereva wa Fuso:
Nimekuelewa, Mkwezi. Mjukuu, kubeba magogo mniite, gari lipo.

Bi Mwanasha:
Mwenyekiti wa mtaa na majirani wote wajulishwe kabla, na mpige picha za kuta na mabati yao. Bati likitoboka, maneno yasiwe mengi.

Mjukuu wa Ngamiani:
Ahsanteni sana. Watoto wamehamia chumba cha mbele kwa bibi yao, na yule kijana nimemwambia asije na chensoo. Kesho asubuhi naanza TANESCO, halafu kwa mwenye mwarobaini. Mkwezi, ukiwa na nafasi wiki hii nakutumia namba inboksi uje uuone mwenyewe.

Mkwezi wa Pangani:
Tuma. Nakuja Jumatano. Upepo ukiwa mkali siku hiyo tutaangalia tu, hatukati.