Kifua kikuu kilichogunduliwa baada ya kifo

Swali:
Ndugu zangu, baba yetu alifariki akitibiwa homa ya mapafu, na makohozi yake yalikuwa yamepimwa bila kuonekana vimelea. Sasa majibu ya uchunguzi wa maiti yanasema alikuwa na kifua kikuu. Iliwezekanaje?

Jibu la kwanza:
Poleni sana kwa msiba. Ugonjwa huu ukisambaa kwa njia ya damu huacha vijivimbe vidogo kama punje za ulezi kwenye mapafu, ini na wengu, na huenda makohozi yasiwe na bakteria wa kutosha kuonekana. Kipande chembamba cha tishu kikitiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, bakteria hujitokeza kama vijiti vyekundu penye usuli wa buluu, na katikati ya vijivimbe huonekana tishu iliyokufa, laini mithili ya jibini.

Jibu la pili:
Kwangu jambo kubwa zaidi ni walioishi naye nyumba moja: wapimwe mapema, hasa watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, hata kama hawakohoi.

Muulizaji:
Nawashukuru. Mama amekuwa akitokwa na jasho jingi usiku. Kesho asubuhi nampeleka akapimwe.