Tupeane uzoefu: rangi ya video iliyowahi kukutoa jasho

Kijana wa Taimlaini: Wakuu, mteja kanirudishia kazi kwa maneno matatu tu: "Mbona nimeiva hivi?" Ni mahojiano, mtu kakaa karibu na dirisha, na aliyeshika kamera kaacha waiti balansi (mpangilio wa kamera wa kuamua nyeupe ni ipi) kwenye otomatiki. Kila wingu likipita, sura inahama kutoka chungwa kwenda bluu katikati ya sentensi. Hebu leteni na zenu nipate nguvu.

Fundi Kimya: Otomatiki ni adui. Pole sana.

Msaidizi Mstaafu: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa msaidizi wa bwana mmoja wa video za harusi. Gauni la bibi harusi lilikuwa rangi ya maziwa. Bosi, mtu wa haraka, akachukua kile kidropa cha kuchagulia nyeupe akabofya gauni. Sasa programu itajuaje kuwa hilo ni maziwa? Ukiiambia hapa ndipo peupe, inaivuta picha nzima kwenye bluu mpaka pawe peupe kweli. Gauni likang'aa kama la tangazo la sabuni, nyuso zikawa kijivu. Nikamwambia, bosi, watu wamepauka. Akasema dawa ni kukoleza, akasukuma sachuresheni (ukolevu wa rangi) mpaka midomo ikawa nyekundu ya kutisha na mashavu bluu kabisa. Akarenda (akatoa video iliyokamilika), akakabidhi.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe. Wala hakuuliza nyuso. Yeye ndiye aliyelipia gauni la maziwa, hili jeupe limetoka wapi? Bibi harusi akashutumiwa kuwa kabadilisha gauni kimya kimya na chenji kaila. Picha za mnato zilikuwa kwa mtu mwingine, hazijatoka. Kikaitishwa kikao cha familia mbili, na sisi tukaitwa na kompyuta yetu kama mashahidi. Nikafungua mradi mbele yao, nikazima marekebisho, gauni likarudi maziwa. Nikawasha, jeupe. Nikazima, maziwa. Mzee mmoja akataka arudiwe tena, alikuwa haamini.

Dada Rangi: "Chenji kaila" 😂😂 Mama mkwe aliomba radhi?

Msaidizi Mstaafu: Aliomba nusu ya malipo irudishwe.

Mzee wa Skopu: Kidropa kinabofywa kwenye kijivu au nyeupe unayoijua, si kwenye nguo ya mtu. Halafu fungua vekta skopu, ile chati ya duara inayoonyesha rangi za picha. Kuna mstari wa ngozi kati ya nyekundu na njano. Awe mweusi tii au mweupe, chini ya mwanga wa kawaida rangi ya ngozi huangukia karibu na hapo. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolevu.

Jicho Tosha: Skopu za nini? Rangi inatazamwa kwa macho.

Mzee wa Skopu: Macho yapi? Macho yanazoea. Kaa na picha ya njano nusu saa, utaapa iko sawa.

Jicho Tosha: Na mtu aliye chini ya taa ya bluu ya klabu utamlaza kwenye mstari wako kwa nguvu?

Mzee wa Skopu: Nani kataja klabu? Tunaongelea harusi.

Dada Rangi: Harusi za siku hizi si klabu? Taa za LED za bluu zinajaza chaneli ya bluu (sehemu ya picha inayobeba bluu) mpaka inapasuka, uso unakuwa bapa, hauna pua. Pakishapasuka hakuna cha kuokoa, punguza tu ukolevu wa bluu na umwombe Mungu.

Bandika Twende: Mnajitesa. Wekeni LUT, lile faili la rangi zilizopangwa tayari, mlale.

Fundi Kimya: LUT ya log (picha iliyopigwa ikiwa imepauka makusudi ili ipakwe rangi baadaye) kwenye picha ya simu ambayo tayari ni Rec.709 (rangi ya kawaida ya kutazamia)? Weusi unaziba, ngozi inakuwa tofali. Na kama ni biti 8 una ngazi 256 tu za mwanga kwa kila chaneli. Ukiivuta sana, anga linafanya ngazi ngazi. Biti 10 ina 1024, hapo ndipo pa kucheza.

Bandika Twende: Mteja anatazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka mkuu. Ngazi ataziona wapi?

Popo: Kabla hamjashikana mashati, zimeni ile hali ya usiku ya kompyuta inayopunguza bluu. Skrini inageuka chungwa, wewe unavuta bluu kufidia, asubuhi unakuta umehariri maiti.

Msaidizi Mstaafu: Bosi alikuwa nayo hiyo pia, ila gauni lilitosha.

Kijana wa Taimlaini: Jamani, na huyu wangu wa dirishani?

Mzee wa Skopu: Kata kila pale rangi inapohama, sahihisha kipande kimoja kimoja. Kwenye maungio ingiza picha ya mikono yake kuficha mshono.

Kijana wa Taimlaini: Mikono haikupigwa.

Jicho Tosha: Toa rangi yote, mwambie ni sanaa.

Kijana wa Taimlaini: Nimemtumia hivyo. Kashauliza kama bei nayo imepungua.